Jiko la ndani Sahare, Tanga: shajara ya mradi, Julai 2024 hadi Februari 2025

7 Julai 2024: Chumba, kazi na miili ya wapishi

Shajara hii naiandika kwa ajili ya mtu yeyote wa pwani anayetaka kujenga jiko la ndani kwa vipimo vya nyumba yake na watu wake, badala ya kununua makabati yaliyokwisha kutengenezwa. Nyumba yetu ipo Sahare, karibu na bahari kiasi kwamba hata misumari ya bati hushika kutu mapema. Miaka yote tumepikia uani, na chumba tunachokigeuza sasa kilikuwa stoo. Kina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2.8. Ukuta mrefu wa kusini una dirisha la sentimita 120, mlango wa kwenda uani upo magharibi, na wa kwenda ukumbini upo kaskazini. Tumetenga shilingi 4,000,000, na tunataka kazi iishe kabla ya Ramadhani, inayotarajiwa mwanzoni mwa Machi 2025.

Kabla ya kuchora mstari wowote tuliorodhesha kazi zinazofanyika nyumbani kwetu chakula kinapoandaliwa: kukuna nazi, kutwanga, kupara samaki waliotoka soko la samaki la Deep Sea, kuchambua mchele, kukanda unga, kupika kwenyewe, kuosha vyombo, na kuhifadhi masufuria makubwa ya shughuli. Orodha hiyo ilitusaidia kuliko picha zote tulizokuwa tumekusanya, kwa sababu majiko ya kwenye picha hayana mahali pa mbuzi wala kinu. Mama mkwe wangu aliisoma, akasema, "Mwanangu, mbuzi ya nazi mtu huikalia chini, na maji ya samaki hayaingizwi ndani ya nyumba. Hayo yaache uani." Tumemsikiliza. Kutwanga nako kumebaki nje, kwa kuwa mtikiso wa mchi hupasua vigae, na jiko la mkaa litabaki nje pia, kwani mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu, na wali wa kupalia makaa juu ya sufuria hatuko tayari kuuacha. Kwa hiyo mradi una sehemu mbili: jiko la ndani, na jukwaa fupi la zege uani lenye bomba na mfereji wake.

Kuhusu kimo cha meza ya kupikia, mafundi wengi hujenga sentimita 90 bila kuuliza. Kanuni tuliyoifuata ni kushusha sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye kiwiko cha mpishi aliyesimama wima. Kiwiko changu kipo sentimita 100 kutoka sakafuni, nacho cha mama mkwe kipo 95. Kimo kinachonifaa kinaangukia kati ya 85 na 90, na kinachomfaa mama kati ya 80 na 85, hivyo 85 ndicho kipimo pekee kinachotutosha wote wawili. Tulipanga matofali, tukalaza ubao juu yake kwa kimo hicho, tukakatia mboga hapo kwa siku kadhaa. Mgongo wa mama haukulalamika. Kwa kukanda unga, 85 bado ni juu kwake, na kazi hiyo tumeiachia meza ndogo ya kuhamishika yenye kimo cha sentimita 75.

21 Julai 2024: Upepo wa kusi na mahali pa moto

Mchoro wa kwanza, uliotoka kwa fundi aliyekuja kukadiria, uliweka jiko la gesi chini ya dirisha ili mvuke utoke kwa urahisi. Huu ni msimu wa kusi, na dirisha letu linaukabili upepo huo moja kwa moja, basi tuliona ni heri kujaribu kabla ya kukubali. Tuliweka kichomeo cha mtungi wa kilo 6 juu ya yale matofali, mahali palepale palipochorwa, tukawasha alasiri upepo ulipokuwa na nguvu. Moto mkubwa uliinama upande mmoja wa sufuria, na moto mdogo, ule wa kuivisha wali taratibu, ulizimika huku gesi ikiendelea kutoka. Hiyo ni hatari, mbali na kuwa ni hasara.

Tumebadilishana nafasi: sinki limekwenda chini ya dirisha, na jiko limehamia ukuta wa mashariki, likiwa na sentimita 45 za meza kila upande kwa ajili ya kutua sufuria. Mpangilio mzima umekuwa wa pembe moja: mita 3.6 kwenye ukuta wa kusini na mita 1.5 kwenye ukuta wa mashariki, kisha sentimita 70 za jokofu. Mvuke utatoka kwa matundu ya hewa yatakayotobolewa juu ya jiko karibu na dari, yenye wavu wa mbu.

Mtungi wa gesi utakaa uani ndani ya kizimba cha nondo chenye uwazi chini. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, kwa hiyo kizimba kimewekwa mbali na mdomo wa mfereji. Bomba la gesi litapita ukutani, na kila kiungo kitapakwa povu la sabuni kabla ya kuwashwa.

18 Agosti 2024: Mbao zapimwa kwa maji, bawaba kwa chumvi

Hapa ndipo palipoamuliwa sura ya jiko lote. Tuliomba vipande vya mabaki kwa maseremala: ubao wa chenga za mbao zilizoshindiliwa, MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), plaiwudi ya marine, yaani ile inayostahimili maji, na mtiki wa Longuza, shamba la miti lililopo wilayani Muheza. Vyote tulivipima unene, tukavisimamisha usiku kucha ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili. Asubuhi ubao wa chenga ulikuwa umevimba na kuanza kumomonyoka, MDF ya milimita 18 ilifikia 21 kwenye ukingo uliokatwa, na haikurudi hata baada ya kukaa juani. Plaiwudi ya marine na mtiki vilibadilika kidogo sana. Ni kweli kwamba kabati halikai ndani ya beseni, lakini sakafu ya jiko huoshwa kwa maji, na mabomba ya sinki huvuja siku moja au nyingine.

Bawaba tulizitumbukiza kwenye maji ya chumvi, tukazitundika kwenye dirisha linalopokea upepo wa bahari. Zile za chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa zilitoa kutu ndani ya muda mfupi. Za chuma cha pua cha daraja la 304 zilipata madoa ya hudhurungi yaliyofutika kwa kitambaa. Daraja la 316, lenye molibdeni ndani yake, hustahimili chumvi zaidi, lakini bei yake ilizidi uwezo wetu. Tumechukua 304 na kukubali kuzifuta.

Tukiweka pamoja unyevu, chumvi na mchwa, tumeamua kwamba mwili wa makabati utakuwa zege, na mbao itatumika pale tu panapofunguliwa na kufungwa. Huu si ubunifu wetu. Nyumba nyingi za Tanga zina meza za zege zenye milango mbele. Kitu tulichoongeza ni kuzipanga sehemu zake kwa ile orodha ya kazi: masufuria makubwa karibu na mlango wa uani, vyombo vya kila siku kando ya sinki, nafaka na unga mbali na maji.

Gharama hadi sasa: shilingi 38,000 za vipande, bawaba za majaribio na usafiri.

15 Septemba 2024: Zege

Mwashi alianza na kuta za kugawa makabati kwa tofali la inchi 6. Alipomaliza ukuta mmoja tulipima: tofali pamoja na plasta ya pande mbili vilifika sentimita 18. Kuta sita za namna hiyo zingemeza sentimita 108 kati ya mita zetu 5.1. Tulisimamisha kazi, tukakubaliana kusubu vibao vya zege vyenye unene wa sentimita 6, vikiwa na wavu wa chuma ndani, kisha kuvisimamisha. Vibao sita vinachukua sentimita 36, na tofauti ya sentimita 72 ni nafasi ya kabati zima. Ukuta wa kwanza ulivunjwa, na kifusi chake kimekwenda chini ya jukwaa la uani.

Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na iligunduliwa siku moja kabla ya kumwaga zege la juu. Fomu, yaani mbao za kushikilia zege linapomwagwa, zilikuwa zimepimwa kutoka kwenye sakafu ghafi. Vigae pamoja na saruji ya kuvilaza vitainua sakafu kwa sentimita 3, na meza ya 85 ingekuwa 82 siku ya kuitumia. Dawa yake ni rahisi, na ningemsihi kila anayefuata njia hii aifanye siku ya kwanza: amua mahali sakafu iliyokamilika itakapokuwa, pima mita moja kamili juu yake, halafu kwa bomba la mpira lenye maji, ambayo husimama usawa mmoja kwenye ncha zake mbili, hamisha alama hiyo kwenye kuta zote nne na uiunganishe kwa mstari. Tangu hapo fundi yeyote, awe wa bomba, wa umeme au wa vigae, hupima kutoka kwenye mstari huo wala haangalii sakafu. Juu ya zege tuliacha nafasi ya sentimita 2 za jiwe na nusu sentimita ya kulilaza.

Zege lenyewe lina unene wa sentimita 6, mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, na nondo za milimita 8 kila baada ya sentimita 15. Tundu la sinki liliachwa wakati wa kumwaga. Zege lilimwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba, likiwa limefunikwa kwa magunia. Chini, vibao vimerudi nyuma sentimita 8 ili vidole vya miguu vipate pa kuingia mtu anaposimama karibu na meza.

Gharama: 690,000 pamoja na ufundi, na 140,000 za jukwaa la uani.

6 Oktoba 2024: Maji machafu, mafuta ya nazi, umeme

Tundu la zamani la maji machafu lilikuwa juu mno ukutani. Fundi bomba aliliunganisha hivyohivyo, na tulipomwaga ndoo ya maji yalisimama ndani ya bomba. Bomba la sinki linahitaji mteremko wa sentimita 2.5 hivi kwa kila mita. Kwa mita 4 zetu hadi shimo la uani, mwisho wake unapaswa kuwa chini kwa sentimita 10. Ukuta umetobolewa upya chini zaidi, na bomba limelazwa tena likipimwa kutoka kwenye ule mstari wa mita moja.

Jambo jingine linahusu mapishi yetu wenyewe. Mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na usiku wa miezi ya Juni hadi Agosti Tanga hushuka chini ya hapo. Bomba la zamani la uani lilikuwa likiziba karibu kila msimu wa baridi, na tulipolikata ndani yake mlikuwa na utando mweupe mgumu. Sasa nje ya ukuta kuna shimo dogo la kunasa mafuta: maji huingia upande mmoja, mafuta huelea, na maji hutokea chini kwa kiwiko kilichoinamishwa. Mfuniko wake hunyanyuka kwa mkono, kwa maana shimo lisilofunguka kwa urahisi halisafishwi.

Umeme haukuwa na tatizo. Soketi za meza zina njia yake peke yake ya waya wa milimita mraba 2.5, yenye kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30, na hakuna soketi iliyo karibu na sinki.

Gharama: bomba na sinki 415,000, umeme 260,000, kizimba na bomba la gesi 185,000.

10 Novemba 2024: Jiwe la juu

Tulitaka graniti kwa sababu ya ndimu, ukwaju na bizari. Marumaru na mawe mengine ya jamii ya chokaa huliwa na asidi, ilhali graniti haidhuriki kwa ndimu. Muuzaji mmoja alituonyesha jiwe jeupe zuri akaliita graniti, kwa bei nafuu. Tuliomba kipande, tukakiwekea nusu ya ndimu usiku kucha. Asubuhi palikuwa na duara lililofifia ambalo halikurudisha mng'ao kwa kusuguliwa. Kipande cha jiwe la kijivu kutoka kwa muuzaji mwingine kilipitia mtihani huohuo bila doa. Tulichukua hilo la kijivu: mita za mraba 3.06, shilingi 850,000 pamoja na kukata tundu la sinki.

Karakana ilikata kwa kufuata mchoro, na mchoro unaamini kwamba pembe ya chumba ni mraba. Kipande cha mashariki kilipolazwa kilikaa sawa kwenye kona, lakini mwisho wake ulikuwa umeachana na ukuta kwa sentimita 2, pengo ambalo kigae hakiwezi kulifunika. Tulipima kwa njia ya waashi: sentimita 90 kwenye ukuta mmoja, 120 kwenye wa pili, na mshazari uliopaswa kuwa 150 ukatoka 151. Pembe imefunguka kidogo tu, na kwa urefu wa mita 1.5 hicho kidogo ndicho kinacholeta zile sentimita 2.

Tulidhani jiwe limepotea. Fundi wa kulilaza ndiye aliyeona njia: akakisukuma kipande hadi kikagusa ukuta urefu wote, na pengo likahamia kwenye kiungo cha mawe mawili, likiwa la umbo la kabari lenye upana wa chini ya sentimita moja. Ukingo wa kiungo ulikatwa mshazari kuufuata, kipande kikapungua kidogo, na nafasi ya jokofu ikaongezeka kiasi hichohicho. Kukata upya na kulisafirisha jiwe kumegharimu 90,000. Kiolezo cha ubao mwembamba, kikikatwa juu ya zege lenyewe na kupelekwa karakana badala ya mchoro, kingeziokoa fedha hizo, nasi tulikitumia kwa kipande cha nyuma ya sinki, kikaingia mara ya kwanza.

8 Desemba 2024: Droo ndani ya zege

Vigae vya sakafu na ukuta vimekamilika kwa 610,000, na hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba mstari wa mita moja ulifanya kazi yake.

Droo zilisumbua. Reli zilifungwa moja kwa moja kwenye vibao vya zege kwa plagi na skrubu, na droo ya kwanza ilikwama ilipofika nusu. Kipimo kilionyesha kwamba nafasi kati ya vibao viwili ilikuwa pana nyuma kuliko mbele kwa milimita 8. Kwa kazi ya uashi hilo ni jambo la kawaida, lakini reli za droo hazivumilii hata milimita chache. Seremala alijaribu kuweka vipande vya mbao nyuma ya reli ili kufidia, droo zikatembea kwa siku chache, kisha skrubu zikalegea.

Suluhisho lililodumu ni kutengeneza sanduku la plaiwudi ya marine ya milimita 18 kwa kila nafasi ya droo, dogo kuliko uwazi kwa milimita 15, kulisimamisha juu ya miguu ya plastiki inayorekebishika, kulisawazisha kwa pima maji, na kulikaza kwa kabari pande zote. Reli zinafungwa kwenye sanduku lililotengenezwa mezani, ambako mraba hupatikana kwa uhakika. Pengo la kando hufichwa na fremu ya mbele. Upana unaopotea ni sentimita 5 kwa kila droo, na ndiyo maana anayepanga mapema aweke nafasi za droo pana kuliko za milango. Ubao wa futi 8 kwa 4 hutoa vipande viwili vya upana wa sentimita 60 na kubakiza karibu sentimita mbili kwa ajili ya msumeno, kwa hiyo kina cha masanduku kisichozidi 60 hakiharibu plaiwudi.

Gharama ya plaiwudi, reli na bawaba: 540,000.

19 Januari 2025: Milango yapinda

Milango ya mtiki ilifungwa katikati ya Desemba, mvua za vuli zikiwa bado hazijaisha, na ilipendeza. Upepo wa kaskazi na joto la Januari vilipoingia, milango ilianza kupinda, hadi mmoja wa chini ya jiko ukatoka nje kwa sentimita 1.4 kwenye kona. Seremala aliyeitengeneza alikuwa ameunganisha mbao pana kwa gundi kuwa kipande kimoja kizima, na mbao zenyewe zilikuwa bado na maji ndani. Mtiki ni mti imara dhidi ya mchwa, lakini uimara huo hauuzuii kunywea unapokauka.

Seremala wa pili, mzee wa mtaa wa Ngamiani, alitufundisha mambo mawili. La kwanza ni kuijua mbao iliyokauka bila mashine: panga mbao kivulini zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani kila baada ya siku chache, na usianze kazi hadi uzito wake uache kupungua. La pili ni umbo la mlango. Fremu ya vipande vyembamba vinne hubeba nguvu zote, na ubao wa katikati huingia kwenye mfereji wa fremu bila gundi, ukiachiwa nafasi ya milimita chache kila upande. Vuli ikija hutanuka ndani ya mfereji, kaskazi ikija hunywea, na mlango hubaki ulivyo.

Kwa kuwa mbao zilikuwa zimemaliza kukauka zikiwa zimeshaunganishwa, mzee aliifumua milango, akaipiga randa na kuitengeneza upya kwa mbao zilezile. Malipo ya kwanza yalikuwa 720,000, marekebisho 210,000.

23 Februari 2025: Hesabu na kilichobaki

Jiko linatumika. Jumla ni shilingi 4,748,000, yaani 748,000 juu ya makadirio. Kukata jiwe upya na kufumua milango ni 300,000 ya ziada hiyo. Sehemu kubwa ya iliyosalia ni graniti, ambayo makadirio ya mwanzo yaliihesabu kama vigae.

Mbao zilizopunguzwa kwa randa hazikutosha milango miwili ya chini ya sinki. Kwa sasa pana pazia, na kwa kuwa bomba lililo wazi hukaguliwa kirahisi, hatuna haraka. Mbao mpya za mtiki zimepangwa kivulini upande wa ua, na kipande cha mizani bado kinapungua uzito. Kitakapotulia, mzee atatengeneza milango hiyo ikiwa na matundu ya hewa juu na chini, nami nitaongeza bei yake hapa.